Bustani Inayotumia Maji Kidogo ni Suala la Afya

Katika kliniki zetu ni vigumu kupata ushauri unaotolewa mara nyingi kuliko huu: kula mboga za majani. Mjamzito mwenye upungufu wa damu huambiwa hivyo. Mgonjwa wa kisukari, mwenye shinikizo la juu la damu na mama mwenye mtoto aliyedumaa huambiwa vilevile. Ushauri huo ni sahihi. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mtu ale angalau gramu 400 za mboga na matunda kwa siku, na ushahidi ulio nyuma ya pendekezo hilo ni mzito. Hata hivyo, ushauri huo una nusu ya pili ambayo husemwa kwa nadra: mboga hiyo imemwagiliwa maji gani, na aliyeimwagilia aliyapata wapi?

Hoja ya makala hii ni moja. Kubana matumizi ya maji katika bustani ya mboga si jambo la kilimo peke yake, wala si jambo la kupunguza ankara ya maji tu. Ni jambo la afya, kwa sababu familia yenye maji safi machache inaweza kuotesha mboga salama iwapo tu bustani yake inahitaji maji machache. Bustani inayokunywa sana humwondoa mwenye nayo kwenye bomba ikampeleka mtoni, kisha ikamwondoa mtoni ikampeleka kwenye mtaro wa maji machafu.

Kiangazi na sahani ya mboga

Utafiti wa kitaifa wa Hali ya Demografia na Afya wa mwaka 2015/16 ulionyesha kuwa nchini Tanzania wanawake 45 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na upungufu wa damu. Miongoni mwa watoto wenye umri wa miezi 6 hadi 59, walikuwa 58 katika kila 100. Visababishi ni vingi: malaria, minyoo, mimba zinazofuatana kwa karibu, selimundu na lishe duni. Mchicha hautibu malaria wala selimundu. Lakini mboga za majani zina foliki asidi, viini vya vitamini A, vitamini C na kiasi cha madini chuma, na mwili unaopambana na maradhi huvihitaji vyote hivyo mwaka mzima, si wakati wa masika tu.

Hapo ndipo kiangazi kinapotuumbua. Mvua zinapokatika, matuta ya nyumbani hukauka kwanza, kwa kuwa maji yaliyopo huenda kwenye kunywa, kupika na kufua, kama inavyostahili. Mwezi Oktoba 2022 wakazi wa Dar es Salaam waliingia katika mgao wa maji baada ya kina cha Mto Ruvu kushuka. Katika majuma ya namna hiyo, anayenunua maji kwa dumu hawezi kuyamwaga kwenye mchicha. Ananunua mboga sokoni, na mboga ya sokoni lazima iwe imeoteshwa mahali ambapo maji hayakukatika.

Mahali hapo mara nyingi ni mabonde ya mito ya mjini. Mto Msimbazi huanzia kwenye vilima vya Pugu, hupita katikati ya jiji na kuishia Bahari ya Hindi, na njiani hupokea majitaka ya nyumba, karakana na viwanda. Mwaka 1999 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu madini mazito, yakiwamo ya risasi na kadimiamu, katika mboga za majani zilizooteshwa kandokando ya mito ya Sinza na Msimbazi. Tangu wakati huo tafiti nyingine zimerudi katika bonde hilo kwa wasiwasi uleule. Simlaumu mkulima wa bondeni. Anafanya kazi halali na anatumia maji pekee anayoyamudu. Tatizo ni kwamba tumemwachia mtu mmoja mwenye maji machafu awalishe maelfu ya watu wenye maji safi yasiyotosha.

Jambo ambalo sufuria haliwezi kulirekebisha

Wapo wanaosema kwamba mboga huoshwa na kupikwa, kwa hiyo maji ya shambani si hoja. Kauli hiyo ina ukweli wa nusu, na inafaa tuupime ukweli huo.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 kuhusu matumizi salama ya majitaka katika kilimo unakadiria nguvu ya kila kinga. Kuosha mboga kwa maji safi hupunguza vimelea takriban mara 10 tu. Kupika kikamilifu hupunguza mara milioni moja au zaidi. Kwa hiyo kisamvu kilichochemka vizuri hakiwezi kutuletea homa ya matumbo. Kachumbari na saladi haziko katika hesabu hiyo, wala ubao na kisu vilivyokatia mboga mbichi, wala mikono ya mtoto aliyekuwa akichezea mafungu kabla hayajaingia jikoni. Muhimu zaidi, moto hauondoi risasi. Madini hayo yakishaingia ndani ya jani hayachemki wala hayaoshwi. Mtoto akiyala kidogo kidogo kwa miaka, yanadhuru ubongo wake unaokua, na hakuna dozi inayourudisha uwezo uliopotea.

Mwongozo huohuo una jambo jingine la kutupa moyo. Kumwagilia kwa matone chini ya mmea, badala ya kunyunyizia majani, hupunguza vimelea takriban mara 100 kwa mboga zinazokaa karibu na udongo, na mara 10,000 kwa mazao yanayoning'inia juu, kama nyanya zilizosimikwa kwenye mti. Kwa maneno mengine, njia inayookoa maji ndiyo hiyohiyo inayookoa tumbo. Ni nadra katika tiba kupata hatua moja inayopunguza gharama na hatari kwa pamoja. Hii ni mojawapo.

Hesabu ya dumu moja

Tuingie katika hesabu, maana mengi ya kukata tamaa hutokana na kutopiga hesabu. Maji yenye kina cha milimita moja juu ya eneo la mita moja ya mraba ni lita moja. Katika siku ya kiangazi, tuta lililojaa mboga hupoteza takriban lita 4 hadi 6 kwa kila mita ya mraba. Tuta la mita nne za mraba, yaani upana wa mita moja na urefu wa mita nne, linahitaji basi lita 16 hadi 24 kwa siku. Hilo ni dumu moja la lita 20.

Kwa nini basi watu wengi humwaga madumu mawili au matatu na mboga bado zinanyauka? Kwa sababu maji mengi hayaufikii mmea. Mengine hupaa kwa mvuke juu ya udongo ulio uchi, mengine hutiririka kwenye kijia, na mengine huzama chini kuliko mizizi inakofika. Familia ya watu watano inayopata lita 20 kwa kila mtu ina lita 100 kwa siku, yaani madumu matano. Haiwezi kutoa matatu kwa bustani, wala haipaswi. Lakini inaweza kutoa dumu moja la maji yaliyokwisha kufanya kazi nyingine. Tofauti kati ya dumu moja na matatu ndiyo tofauti kati ya bustani inayowezekana na ndoto.

Tukumbuke pia uzito. Dumu la lita 20 lina kilo 20 za maji, na wanaolibeba kwa kawaida ni wanawake na wasichana, wakiwamo wajawazito. Kila dumu tusilolimwaga bure ni kilo 20 ambazo hazikupanda kichwani mwa mtu.

Maji huhifadhiwa kwanza ndani ya udongo

Ghala la kwanza la maji ya bustani ni udongo wenyewe, wala si simtanki. Ndiyo maana kilimo hai, kwa maoni yangu, kinafaa zaidi kwa bustani ya familia. Watu hukielewa kilimo hai kama kilimo kisicho na viuatilifu na mbolea za viwandani. Kiini chake ni kulisha udongo. Mboji iliyochanganywa vizuri hushika maji kama sifongo na kuyatoa polepole. Udongo wa kichanga wa pwani, unaopitisha maji kama chujio, hubadilika tabia baada ya misimu michache ya kutiwa mboji.

Hatua ya pili ni matandazo. Tabaka la nyasi kavu, majani makavu au maganda ya mpunga lenye unene wa sentimita 5 hadi 8 hukinga udongo na jua na upepo, huzuia magugu na huoza taratibu kuwa chakula cha tuta. Kama ingenibidi nichague jambo moja tu la kumwambia mgonjwa mwenye tuta la mchicha, ningemwambia: usiuache udongo uchi.

Hatua ya tatu ni umbo la tuta. Mahali penye mvua nyingi tuta huinuliwa ili maji yasituame. Mahali pakavu hufaa kinyume chake: sehemu ya kupandia hushushwa kidogo chini ya usawa wa ardhi ili kila tone libaki humo. Maarifa haya si mageni kwetu. Wamatengo wa Mbinga wamelima kwa mashimo ya ngolo kwa vizazi vingi, wakifukia nyasi chini ya udongo na kuyazuia maji ya mvua yasiporomoke mlimani. Huko Dodoma, kijiji cha Chololo kimelipa jina lake shimo dogo la kupandia linalotiwa samadi na mabaki ya mimea ili lidake mvua chache za nyanda hizo. Mjini, ambako ardhi ni uwanja wa hatua tatu, kiroba kilichojazwa udongo na mboji, chenye nguzo ya kokoto katikati ya kupitishia maji, hubeba miche mingi kwa nafasi ndogo.

Hatua ya nne ni namna ya kumwagilia. Mwagilia alfajiri au jioni, kwenye shina, na kwa kina. Kumwagilia sana mara chache huifanya mizizi iende chini, na kunyunyiza kidogo kila saa huifanya ikae juu na kuzoea kuombaomba. Chupa ya plastiki iliyotobolewa tundu dogo na kufukiwa karibu na mche, au chungu cha udongo kisichopakwa rangi kilichofukiwa hadi shingoni na kufunikwa, huyatoa maji kwa kadiri mizizi inavyoyahitaji. Kabla ya kumwagilia, ingiza kidole udongoni hadi pingili ya pili. Kikikuta unyevu, subiri.

Hatua ya tano ni uchaguzi wa mboga. Mchicha na mgagani vina namna ya kujitengenezea chakula inayoviwezesha kutumia maji vizuri wakati wa joto kali, kuliko kabichi au spinachi. Majani ya kunde na kisamvu huvumilia ukame. Mboga hizi, ambazo baadhi yetu tulizidharau kama chakula cha kijijini, sasa mbegu zake huhifadhiwa na kuboreshwa na wataalamu katika kituo cha kimataifa cha utafiti wa mboga kilichopo Arusha. Tusisahau pia busara ya Wagogo ya kukausha mlenda na mboga nyingine wakati wa wingi. Mboga iliyokaushwa kivulini, mbali na vumbi na nzi, hupoteza sehemu kubwa ya vitamini C, lakini madini yake hubaki, na kiangazi haidai hata tone la kumwagilia.

Maji ya mara ya pili yana masharti

Hapa daktari lazima aongeze tahadhari, kwa sababu nia njema ya kuokoa maji inaweza kufungua mlango wa maradhi.

Maji ya kuoshea mchele na mboga, na ya kusuuzia vyombo, yanafaa kwa bustani. Ya kufulia na kuogea yanaweza kutumika yakiwa na sabuni kidogo, lakini yamwagwe kwenye udongo, yasimwagwe kwenye majani, na yasipewe mboga zinazoliwa mbichi. Yatumike siku hiyohiyo, kwani yakilala huzalisha vimelea na harufu. Maji yaliyofulia nepi za mtoto au nguo za mgonjwa anayeharisha yaende chooni moja kwa moja. Maji kutoka wodi, maabara na vyumba vya kujifungulia hayana nafasi katika bustani yoyote, hata iwe ya maua.

Maji ya mvua ndiyo neema yetu iliyopuuzwa. Paa la mita 40 za mraba likinyeshewa milimita 10 hupokea lita 400. Tukitoa yanayopotea, hubaki takriban lita 320, sawa na madumu 16. Hata Dodoma, ambako mvua ya mwaka mzima ni takriban milimita 550, paa hilo linaweza kukusanya zaidi ya lita 17,000 kwa mwaka. Maji ya kwanza ya mvua, yanayosafisha vumbi na kinyesi cha ndege, yamwagwe kando. Pipa lifunikwe kwa mfuniko au wavu usiopitisha mbu. Mbu wanaoeneza homa ya dengue, iliyolikumba jiji la Dar es Salaam mwaka 2014 na tena mwaka 2019, huzaliana katika maji yaliyohifadhiwa nyumbani, na huweza kukua kutoka yai hadi mbu kamili kwa muda wa wiki moja hivi. Pipa lisilofunikwa ni kitalu cha mbu.

Samadi nayo ina masharti yake. Samadi mbichi hubeba vimelea vya kuhara, na mayai ya minyoo yanayotoka katika kinyesi cha binadamu huweza kuishi udongoni kwa miezi, hata miaka. Rundo la mboji linalopata joto la nyuzi 55 za Selsiasi kwa siku kadhaa, likageuzwa ili kila sehemu ipate joto hilo, huua sehemu kubwa ya vimelea. Samadi isiyoiva isitumike kwenye mboga zinazokaribia kuvunwa. Kinyesi cha binadamu kisiwekwe kabisa katika bustani ya nyumbani.

Je, hii ni kazi yetu?

Najua pingamizi litakalotolewa na baadhi ya wenzangu: kliniki ina foleni ndefu, na kufundisha bustani ni kazi ya afisa ugani. Nakubali kwamba daktari si mwalimu wa kilimo. Lakini tunapoagiza dawa, tunauliza kama mgonjwa anaimudu na kama inapatikana. Tunapoagiza mboga, ambazo ni sehemu ya tiba, hatuna sababu ya kutouliza hivyohivyo. Maswali matatu yanatosha: mboga mnazipata wapi, bustani inamwagiliwa maji gani, na kiangazi mnakula nini? Yanachukua dakika moja. Majibu yake yatamwonyesha muuguzi ni nani wa kumwelekeza kwa afisa lishe, ni nani wa kumkutanisha na afisa ugani, na ni nani anayelima kandokando ya mtaro bila kuijua hatari yake.

Pendekezo langu la pili linavihusu vituo vyenyewe. Zahanati nyingi zina paa kubwa la bati na kina mama wanaosubiri kliniki kwa saa kadhaa. Mfereji wa paa, simtanki moja lililofunikwa, tuta lenye matandazo na viroba viwili vya mchicha vingefundisha zaidi ya mabango yetu mengi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anayeliona tuta hilo kila siku atakuwa na la kuonyesha anapotembelea kaya. Halmashauri zinazojenga majengo mapya ya afya ziweke mifereji ya paa katika michoro tangu mwanzo, kwani kuiongeza baadaye hugharimu zaidi.

Kwa ndugu zetu wagonjwa nina maneno machache. Madini chuma ya kwenye majani hufyonzwa kwa shida, hivyo kamulia limau au kula chungwa pamoja na mboga, na chai isubiri angalau saa moja baada ya mlo. Mjamzito asiache vidonge vya madini chuma na foliki asidi kwa kuwa ana bustani. Anayetumia warfarin, dawa ya kuzuia damu kuganda, asibadilishe ghafla kiasi cha mboga za majani anachokula bila kumwambia daktari wake, na mwenye ugonjwa wa figo aulize kwanza ni mboga zipi zinamfaa na zipikwe vipi.

Bustani ya mita nne haitailisha familia ya watu watano gramu 400 kila mmoja, wala haitalisafisha bonde la Msimbazi. Kusafisha mito na kufikisha maji ya bomba kwa kila kaya ni wajibu wa Serikali na wenye viwanda, na tuta la mchicha lisitumiwe kuwaondolea wajibu huo. Lakini wakati tunaudai, tuta hilo linaweza kuweka sahani ya mboga salama mezani mara kadhaa kwa wiki, kiangazi na masika, kwa dumu moja la maji ambayo leo yanamwagwa uani. Tunaposema "kula mboga", tuseme pia namna ya kuzipata kwa maji tuliyonayo.